Klachi ikianza kuteleza, usingoje usiku wa dharura

Mtoto anapopandwa na homa saa nane usiku, familia ya Mtendeni yenye gari huwaza jambo moja tu: kumfikisha Hospitali ya Kitete. Wazazi wengi hukumbuka mafuta na upepo wa matairi. Klachi husahaulika, hadi siku gari linaponguruma bila kusogea.

Kwenye gari la gia za mkono, klachi huunganisha injini na gia boksi. Ndani yake kuna klachi pleti, ambayo presha pleti huibana kwenye flaiwili inayozungushwa na injini. Ukikanyaga pedali, pleti huachiwa ili ubadili gia. Ukiiachia, hubanwa tena na gari huondoka. Kila mara pleti husuguliwa, na kidogo kidogo huisha kama soli ya kiatu.

Mpeleke fundi gari ukiona haya:

• Injini inapiga kelele ukikanyaga mafuta, lakini mwendo hauongezeki.
• Harufu ya kuungua, hasa mlimani au kwenye mchanga.
• Gia zinaingia kwa shida au zinakwaruza.
• Gari linatetemeka wakati wa kuondoka.
• Sauti ya kukwaruza ukikanyaga pedali. Mara nyingi ni beringi ya klachi.

Hakuna kilomita maalumu za kubadilisha. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali, au anayezuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, huimaliza mapema. Mzigo kupita kiasi nao huichosha.

Kwa kuwa fundi hulazimika kushusha gia boksi, ni nafuu kubadilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja. Ukibadilisha kimoja, huenda ukalipia kazi ileile mara mbili.

Jambo la mwisho linahusu mapafu. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake husababisha saratani, wakati mwingine baada ya miaka mingi. Kwa macho huwezi kuitambua. Hivyo vumbi la klachi lisipulizwe kwa upepo wala kufagiliwa kavu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Watoto wakae mbali na gereji, na nguo za kazi za baba fundi zisikung'utwe ndani wala kuchanganywa na nguo za mtoto.

Klachi inayoteleza haijiponyi. Ukiiona dalili leo mchana, nenda kwa fundi leo mchana.