Tuidai Kaunti Mtaalamu wa Usemi Afike Darasani

Wazazi wenzangu, walimu, maalim, wachungaji na wakaazi wote wa Mombasa, Kilifi na Kwale:

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, lakini kufikia siku hiyo mambo huwa yameshaamuliwa zamani. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Katikati ya hatua hizo wananchi huitwa kutoa maoni, nasi tunawajua wanaohudhuria: wanaotaka barabara, wanaotaka kisima, na vijana waliokuja kupiga makofi. Safari hii twendeni na sisi, kwa wingi, tukiwa na ombi moja. Kaunti iajiri wataalamu wa tiba ya usemi na lugha, na barua zao za kazi ziseme wazi kwamba sehemu ya wiki yao ni ya shule: katika vitengo maalumu na katika madarasa ya chekechea.

Nitaambiwa mwamba ngoma huvutia kwake, kwa kuwa mimi ni wa fani hii. Sikatai. Ila mnisikilize kwanza kazi yenyewe ni ipi, maana wengi hudhani ni kumfundisha mtoto kutamka "r" badala ya "l". Hiyo ni sehemu ndogo mno.

Ingieni nami katika kitengo maalumu cha shule ya msingi, saa nne, uji unapoletwa. Mwalimu mmoja, yaya mmoja, na watoto wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, wenye hali ya Down, na mmoja au wawili wasiosikia vizuri, wote chumba kimoja. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo amelazwa mapajani mwa yaya, kichwa kimeangukia nyuma, na uji mwepesi unamiminwa kinywani kwa kikombe. Yaya hana ubaya wowote. Hivyo ndivyo alivyoona watoto wakilishwa tangu yeye mwenyewe ni mdogo. Lakini mtoto ambaye kumeza kwake hakuendi sambamba na pumzi, uji ule humteremkia njia ya hewa. Anapaliwa, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Wakati mwingine hata kukohoa hakohoi, uji unaingia kimya kimya, na baadaye tunasikia amelazwa kwa nimonia.

Basi tunamkalisha wima, nyonga zimeingia hadi nyuma ya kiti, shuka lililokunjwa likiwekwa upande anaouinamia, kidevu kikishuka kidogo. Uji unakorogwa uwe mzito, ung'ang'anie kijikoni. Kijiko ni kidogo, kimejaa nusu, na kinamjia kwa mbele usawa wa mdomo, si kutoka juu. Hakifuati kingine mpaka ameze. Hakuna dawa hapo wala mashine.

Kisha huja sehemu ngumu zaidi, na ugumu wake uko kwetu watu wazima. Nashika kikombe cha maji mkono huu na bakuli la uji mkono ule, namuuliza anataka kipi, halafu nanyamaza. Watu hawawezi kunyamaza! Tunamuuliza mtoto, tunajijibu, tunamlisha, tunasema hasemi. Mtoto huyu huhitaji muda kuupanga mwili wake umtii. Mkimngojea, macho yake yatakwenda kwenye maji na kukaa hapo. Ameshasema anachotaka, na yaya aliyeliona hilo mara moja huanza kumuuliza kila siku, hata nisipokuwapo.

Kutoka hapo tunatengeneza ubao wa picha kwa karatasi ya manila: maji, choo, naumwa, nimechoka, sitaki. Hiyo ya "sitaki" naisisitiza kuliko zote, kwa sababu mtoto asiye na njia ya kukataa yuko mikononi mwa yeyote amtakiaye ubaya. Wazazi wengine huuogopa ubao, wakidhani mtoto ataridhika nao asijitahidi kusema. Utafiti wa miaka mingi haujaonyesha hivyo. Picha hazizuii usemi, na watoto wengine huongeza maneno wanapozitumia.

Sasa linganisheni na hali ilivyo leo. Mama anatoka Magarini au Kinango na mtoto wa miaka tisa mgongoni, analipia viti viwili kwenye matatu, anapanga foleni hospitalini, anapata nusu saa katika chumba kisicho na uji, kisicho na yaya wala mwalimu wake, mbele ya mtu asiyemjua. Anapewa tarehe ya kurudi baada ya miezi. Mimi nikiwa katika chumba hicho naweza kupima na kuandika ripoti nzuri. Kumfundisha mtoto kuwasiliana na watu wake siwezi, watu wake hawapo.

Kwa nini basi mtaalamu haendi shuleni? Jibu limo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Shule za msingi na elimu maalumu ziko chini ya serikali ya kitaifa. Vituo vya afya ni vya kaunti, na mtaalamu wa usemi huhesabiwa upande wa afya. Mwalimu mkuu akiomba, huambiwa hana uwezo wa kumwajiri. Kaunti ikiombwa, husema shule si yake. Mtoto amekaa katikati, na kila ofisi ina haki kisheria!

Lakini Kifungu cha 189 cha Katiba hiyohiyo kinazitaka ngazi mbili za serikali zishirikiane, na Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa ya mawasiliano. Ule ubao wa manila ni "njia nyingine inayofaa". Na hata kaunti ikishikilia kwamba shule za msingi hazipo mkononi mwake, chekechea ni zake, imepewa na jedwali hilohilo. Ianzie huko. Chekechea ndiko mtoto anayechelewa kusema huonekana mapema, kabla hajapachikwa jina la ukaidi au ububu, na kabla hajapelekwa kukatwa kimeo, jambo ambalo halijapata kumfundisha mtoto yeyote neno lolote.

Mtaambiwa pia kuwa wataalamu hawapatikani. Ni wachache, kweli. Chuo Kikuu cha Makerere, jirani zetu Uganda, kilianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2008, na kabla ya hapo aliyeitaka alilazimika kuifuata mbali. Ila nafasi isiyotangazwa haiwezi kuombwa. Kijana akihitimu leo huenda kwenye kliniki ya kibinafsi Nairobi au huvuka bahari.

Wazazi wa watoto hawa peke yao hawatoshi. Wengi hawawezi kukaa mkutanoni saa tatu kwa kuwa hawana wa kumwachia mtoto. Jirani, mkalie mtoto siku hiyo, au wewe nenda badala yake. Maalim, tangaza tarehe baada ya sala ya Ijumaa. Mchungaji, tangaza Jumapili. Mwalimu mkuu, itishe bodi ya shule kabla ya kikao, si baada.

Na msiende kwa maneno matupu, kwa sababu yaliyosemwa kwenye kipaza sauti husahaulika kabla viti havijakunjwa. Pelekeni barua. Iwe na jina la shule, idadi ya watoto walio kitengoni, wangapi hawawezi kusema wanapoumwa, na umbali hadi hospitali yenye mtaalamu. Aandike mwalimu, watie sahihi wazazi, na nakala apewe mwakilishi wadi mkononi. Nyingine ipelekeni kwa karani wa bunge la kaunti, na msiondoke dirishani hadi nakala yenu ipigwe mhuri wa tarehe. Makadirio yakitoka Aprili, ifungueni sura ya afya na mtafute kama nafasi hiyo imo.