Mdagu Upandwe kwa Mbegu, Using'olewe Porini

Huenda wasomaji watashangaa kuona karani wa ofisi ya kilimo akiandika habari za mti usioliwa na mtu. Hapa Waberi tumezoea kuulizana habari za ndizi na maembe ya kando ya mto Tana, na habari za malisho. Lakini kwa miezi mingi sasa nimeona mikokoteni ya punda ikiingia mjini na mashina ya mdagu yaliyong'olewa porini, mizizi yake ikining'inia, nami naona si vyema kunyamaza.

Mdagu ni mti ambao watu wengi wa Garissa wanaujua kwa macho, hata kama hawajui jina lake la Kiswahili. Ni ule mti mfupi wenye shina lililovimba chini kama kibuyu, wenye matawi machache, ambao hutoa maua mekundu au ya waridi wakati pori lote ni kavu. Wauza maua huuita waridi la jangwani, ingawa si waridi hata kidogo. Wataalamu huuita Adenium obesum, na hilo neno la pili maana yake ni mnene. Mtaalamu aliyeueleza kwanza ni Peter Forsskål, aliyeukuta katika safari yake ya Yemeni. Alifia huko mwaka 1763, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1775.

Shina lile nene ndilo ghala la maji. Mvua ikinyesha mti hujaza ghala, na kiangazi kikija hupukutisha majani ili maji yasipotee, kisha hungoja. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika Kenya. Nakumbuka kuona maua ya mdagu kando ya njia penye mizoga ya ng'ombe.

Basi mtu akiona mti uliovumilia mambo hayo, husema huo haufi. Hapo ndipo anapokosea, na mimi nilikosea vilevile. Nilinunua mmoja kutoka kwenye mkokoteni, unaonifika kiunoni, nikaupanda mbele ya nyumba. Kila jioni niliumwagia ndoo nzima ya maji. Majani yalipopukutika nikadhani una kiu, nikaongeza ndoo ya pili. Baada ya wiki sita nilibonyeza shina kwa kidole, na kidole kikazama kama katika papai bovu. Na mimi ndiye niliyesomea ualimu, niliyekuwa nikiwafundisha watoto habari za mizizi!

Sababu yake ni rahisi. Mng'oaji hukata mizizi, na kila penye mkato ni kidonda. Kidonda hicho kikitiwa maji kabla hakijakauka, huoza, na uozo hupanda mpaka shinani. Mnunuzi huona mti umekufa, akarudi kununua mwingine, na mwingine tena hung'olewa porini. Mti mnene wa namna ile haupatikani kwa mwaka mmoja wala miwili. Mahali ulipotolewa hubaki shimo tu.

Siwalaumu vijana wanaong'oa. Wengi wao ni watoto wa wafugaji waliobaki bila ng'ombe, na fedha ni fedha. Ninachosema ni kwamba biashara hii wanaifanya kwa njia itakayoimaliza. Watu wa Thailand, ambao nchi yao haina mdagu wa asili, huupanda kwa mbegu, huunga matawi ya rangi mbalimbali juu ya mashina yake, na huuza mbegu na miche ulimwenguni kote. Sisi tulio nao mlangoni tunauchimba kama viazi.

Kuupanda si kazi ngumu. Baada ya maua mti hutoa matunda mawili mawili, marefu kama pembe za mbuzi. Yafungeni kwa uzi yangali mabichi, kwa maana yakipasuka, mbegu zina manyoya ncha zote mbili na upepo huzichukua zote. Chukueni debe lililotobolewa chini, tieni mchanga mwingi na samadi kidogo iliyooza sana, lazeni mbegu mpya na kuzifunika kwa mchanga mwembamba. Huota kwa muda wa kama wiki moja. Baadaye miche ikae juani, na msiimwagilie tena mpaka udongo ukauke. Majani yakipukutika wakati wa kiangazi, acheni ndoo mahali pake! Tawi lililokatwa pia huota, likiachwa siku kadhaa kivulini mpaka kidonda kikauke, lakini mche wa tawi kwa kawaida haufanyi kibuyu kizuri kama ule wa mbegu, na kibuyu ndicho mnunuzi anachokitaka.

Jambo moja lisifichwe. Utomvu wa mti huu ni sumu inayoshika moyo. Ni jamaa ya msunguti, uliotoa sumu ya mishale ya Wata waliowinda ndovu upande wa Tsavo, na mdagu wenyewe umetumiwa kwa mishale pia. Wafugaji wengine hutumia unga wa shina lake kuulia wadudu wa ngozi ya ngamia, lakini sishauri mtu ajaribu kwa kukisia. Nawe mikono nayo baada ya kukata, na msiupande penye watoto wadogo au karibu na zizi. Wako wanaosema kwa sababu hiyo mti ung'olewe wote. Siafiki. Kisu nacho hukata, na kila nyumba ina kisu.

Tena nasema hili kwa wenzangu wa maofisini: mtu akituletea barua ya kutaka midagu mikubwa ya kupamba lango, tumwonyeshe mwenye kitalu, tusimwonyeshe mwenye mkokoteni. Nyuma ya ofisi yetu nina debe lenye miche 11 niliyoipanda kwa mbegu za mti mmoja ulio njiani. Mikubwa kati yake haijafika urefu wa kalamu, lakini mashina ya 3 yameanza kuvimba. Mtu akitaka kuiona, aje asubuhi, kabla jua halijawa kali.