Diski Inayosomeka Haifomatiwi

Hoja iliyochapishwa ni hii: ukisakinisha Ubuntu kando ya Windows, kazi ikakwama katikati na laptopu ikagoma kuwaka, basi diski imeharibika, ifomati yote uanze upya, ndiyo njia ya haraka na salama.

Salama kwa nani? Mwenye tasnifu na picha za marehemu mama yake humo ndani anaambiwa azifute kwa mkono wake!

Hilo la "imeharibika" ndilo bovu kuliko yote. Maneno "grub rescue>" kwenye kioo cheusi yanaonyesha kwamba GRUB, programu ndogo ya kuita mfumo endeshi, imesomwa kutoka kwenye diski ikaamka, ila haikuona mafaili yake mengine. Diski iliyokufa ingesomwaje? Kama usakinishaji haukuifuta sehemu ya Windows, nyaraka ziko palepale.

Haraka? Bonyeza F12 wakati wa kuwasha (kwa baadhi ya laptopu ni F9 au Esc), chagua Windows Boot Manager. Mara nyingi shughuli huishia hapo. Isipoonekana, washa laptopu kwa flashi ya Ubuntu, ijaribu bila kusakinisha, na kabla ya lolote nakili mafaili kwenye diski ya nje. Kisha washa kwa flashi ya Windows: humo amri ya bcdboot huandika upya mafaili ya kuwashia bila kugusa nyaraka. Kagua kwanza herufi ya sehemu ya Windows, maana ukiwashia flashi hiyo si lazima iwe C. Na BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data ya diski, ikiwa imewashwa, uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48, jambo ambalo mtetezi wa kufomati hakuligusa kabisa.