Fungu la Kijana wa Ufundi



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi, wazazi na vijana, juu ya jambo lionekanalo dogo machoni pa watu, kumbe ndani yake mna riziki ya nyumba nyingi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne asipate alama za kuendelea, naye ataka kujifunza kazi ya mikono, gharama za chuo chake alipe nani?

Hapa Maisaka, katika mji wetu wa Babati, twawaona vijana wa namna hiyo kila asubuhi. Wengine hukaa kandokando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, wakingoja abiria wa pikipiki ambazo si mali yao. Wengine hufuata msimu: mahindi yakivunwa hupata kibarua, mbaazi zikiisha hukaa bure. Watu huwaita wavivu, na huko ni kuwadhulumu, kwani walichokosa ni mlango wa kuingilia.

Hebu tuitazame milango iliyopo. Tangu Januari 2016 elimu hutolewa bila ada hata kidato cha nne, na mwaka 2022 Serikali ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Kwa wa chuo kikuu iko Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004. Mwaka 2023 mikopo hiyo ikawafikia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na ikatangazwa kufutwa kwa ada katika vyuo vikubwa vya ufundi vya Dar es Salaam, Arusha na Mbeya. Yote hayo ni mema, nasi twayashukuru. Lakini yule atakaye cheti cha useremala, uashi, ushonaji au umeme wa majumbani yumo katikati: mlango wa chini amekwisha kuupita, na wa juu hawezi kuufikia. Kwake yeye, hata ada ikiwa ndogo, yabaki malipo ya chakula, malazi, sare na vyombo vya kazi, nayo hutoka mfukoni mwa baba, au katika kikapu cha mama auzaye maandazi.

Vyuo vya kumfaa kijana huyo si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1975, kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden na kwa msaada wa nchi hiyo, Serikali ya Mwalimu Nyerere ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo 54 viko chini ya Wizara ya Elimu, kimojawapo ni cha Tango, Mbulu, katika mkoa wetu wa Manyara. Nia yake ilikuwa kwamba mtu asitangulie kuulizwa cheti, bali aulizwe ataka kujua nini. Hata mabinti waliokatizwa masomo kwa sababu ya uzazi wamepokewa humo, na katika baadhi yake mna mahali pa kulelea watoto wao. Lakini msaada wa Sweden ulipokoma katika miaka ya 1990, vyuo vingi vilichakaa. Hilo latufundisha kwamba chuo kinachotegemea mkono wa mgeni husimama kadiri mgeni apendavyo, na kinachotegemea hazina ya nchi chaweza kudaiwa haki yake na wananchi wenyewe.

Wako watakaosema: "Kila mzazi na amlipie mwanawe." Twawajibu kwamba faida ya fundi haiishii kwa babaye. Mwashi asiyejua kazi, ukuta wake humwangukia mpita njia. Na aungaye nyaya za umeme kwa kubahatisha huunguza nyumba ya jirani pamoja na ya mwenyewe. Wengine watauliza fedha zitatoka wapi. Sheria ya 1994 iliyounda VETA iliweka tozo ilipwayo na waajiri ili kukuza ufundi, na kwa miaka mingi VETA ilipewa theluthi moja tu ya tozo hiyo. Basi si lazima kuanza na kodi mpya. Lililo la kwanza ni kuuliza fungu hili lafika wapi.

Wala shauri hili si geni kwetu Waislamu. Katika mwaka wa pili wa Hijra, baada ya vita vya Badri, mateka waliokuwa hawana fidia lakini wajua kuandika walipewa uhuru kwa sharti la kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Mji ule ulikuwa maskini, na fidia ilikuwa fedha, hata hivyo Mtume (S.A.W.) aliona kuwa elimu ya watoto yafaa kununuliwa kwa mali ya umma.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Tuache kusema ati ufundi ni wa walioshindwa, kwani Nabii Daudi alifua deraya na Nabii Zakaria alikuwa seremala. Tuwapeleke mabinti kama tunavyowapeleka wavulana. Tena katika mikutano ya mtaa na kata tumwulize diwani na mbunge maswali mawili: Kwa nini mkopo usimfikie mwanafunzi wa cheti? Na kwa nini chakula na vyombo vya kazi visiwekewe fungu katika bajeti?

Nawe kijana, usingoje jibu hali umelala. Nenda katika chuo cha VETA kilichopo Babati, uliza kozi zilizopo na wakati wa kuomba nafasi, maana haki ikija ikukute umesimama mlangoni.

Wabillahi tawfiq.