Miguu ya yule mama wa Tom na Jerry

Wiki hii naomba tuachane kidogo na habari za mapenzi na nani kamwacha nani. Mie nataka kuzungumzia paka na panya. Usicheke, soma kwanza.

Basi bwana, Jumapili iliyopita nilikuwa kwa dada yangu Tabata. Si unaijua Jumapili ya ugenini? Umeshiba pilau, umepewa kochi zima peke yako, feni inapepea na umeme haujakatika. Mpwa wangu, binti wa miaka saba, amelala chali na simu ya mama yake, anaangalia katuni za siku hizi. Rangi zinaumiza macho, na kuna mtoto ana kichwa kama tikitimaji anaimba habari za kupiga mswaki. Nikaona hapana. Kizazi kinaangamia nami nipo nimekaa!

"Lete hiyo simu," nikamwambia. "Leo anko anakuonyesha katuni za watu wazima."

Nikamtafutia Tom na Jerry, zile za zamani kabisa. Halafu nikaanza kumwaga sera kama mgombea. Nikamwambia hawa jamaa walianza mwaka 1940 kule Marekani, kampuni ya MGM, na waliowabuni ni mabwana wawili, William Hanna na Joseph Barbera. Kati ya mwaka huo na 1958 walitengeneza filamu fupi 114, zikaokota Oscar saba. Saba, mama! Nikamwambia muziki ule unaokimbia kila paka anapokimbia aliutunga bwana mmoja anaitwa Scott Bradley, na ule ukelele wa Tom akibanwa mkia ni sauti ya Hanna mwenyewe. Mtoto ananiangalia tu. Ndiyo raha ya kuongea na mtoto, hakuulizi umezitoa wapi.

Niseme ukweli, sisi tuliokulia miaka ya 90 tuna ugonjwa mmoja. Kila cha zamani kwetu ni dhahabu. Ukimwonyesha mtu wa rika langu gemu la kisasa ambalo jasho la mchezaji mpira linaonekana, atakwambia halimfikii Super Mario ya mwaka 1985. Mtajie mchezo wowote wa kupigana, atakurudisha Street Fighter II ya mwaka 1991. Nani hajawahi kumchosha mtu kwa hadithi za jinsi alivyokuwa bingwa wa lile gemu dogo la matofali, la betri? Mie mwenyewe nimo, tena mstari wa mbele.

Sasa katuni ikaanza. Tom anavunja sahani, Jerry anakimbilia shimoni, mtoto anacheka mpaka anajishika tumbo. Nikajisikia mshindi. Mara kwenye kioo ikaingia ile miguu. Wa zamani wenzangu mnaijua. Miguu minene ya mama mweusi, soksi zimeshuka, ndara zinaburuzika, ufagio mkononi, anamfokea Tom.

Mpwa wangu akaacha kucheka. Akauliza, "Anko, mbona huyu mama hana uso?"

Nikamwambia, "Anao, ila hauonekani."

"Kwa nini hauonekani?"

Aisee! Miaka yote nimeangalia katuni ile na sijawahi kujiuliza. Nikazuga kwamba simu inaisha chaji.

Usiku kitandani nikaanza kutafuta. Kumbe yule mama ana hadithi ndefu kuliko ya paka. Yumo tangu filamu ya kwanza kabisa ya mwaka 1940, na wanaomwandika humwita Mammy Two Shoes. "Mammy" kwa Wamarekani wa enzi hizo ndiyo picha ya mtumishi mweusi wa nyumba ya Wazungu. Mnene, mwenye kufoka, maisha yake yote ni jiko na ufagio. Walimwonyesha miguu na mikono, kichwa wakakiacha nje ya picha. Hakuwa peke yake. Kumbuka bomu likilipuka, Tom anabaki na uso mweusi tii na midomo mikubwa. Sisi Uswahilini tulikuwa tunavunjika mbavu. Hatukujua kwamba anayechekwa pale ni mtu anayefanana na sisi.

Sauti ya yule mama ilikuwa ya mwigizaji halisi, Lillian Randolph, mwanamke mweusi aliyefahamika sana kwenye michezo ya redio kule kwao. Ukiitazama ile filamu ya Krismasi ya mwaka 1946, It's a Wonderful Life, utamwona akiigiza mtumishi wa nyumbani pia. Huko angalau uso upo. Kwenye katuni alitoa sauti, na jina lake halikuandikwa.

Halafu wakubwa wakaanza kuona aibu. Yule mama mara ya mwisho alitokea mwaka 1952. Katika filamu hiyo ananunua paka wa mashine ili aachane na Tom, na baada ya hapo yeye mwenyewe hakuonekana tena. Miaka ya 60, ili filamu za zamani zionyeshwe kwenye televisheni, baadhi zilichorwa upya na miguu yake ikageuka kuwa ya mwanamke wa Kizungu, mwembamba. Miaka ya 90 wakamrudisha kwa sauti ya mwigizaji mwingine, ili asiongee kile Kiingereza cha kuwadhihaki watu weusi. Mwaka 2005 Whoopi Goldberg aliwekwa mwanzoni mwa mkusanyiko wa DVD awaeleze watu kwa nini yule mama hakufutwa. Na mwaka 2014 Amazon na iTunes wakaweka onyo kwamba baadhi ya filamu zina ubaguzi, ubaguzi uliokuwa makosa wakati ule na ni makosa hata leo.

Kilichonikosesha usingizi lakini si Amazon. Ni kingine, na hiki sijawahi kukiandika popote.

Wengine mnajua, Bara hatukuwa na stesheni ya televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walishatutangulia tangu miaka ya 70, tena kwa rangi. Kwa hiyo mtaani kwetu Magomeni, hata stesheni zilipoanza, mwenye runinga na deki alikuwa mtu na nusu. Nyumba ya pili kutoka kwetu walikuwa navyo, pamoja na kanda za Tom na Jerry walizoletewa na ndugu yao kutoka nje. Mama mwenye nyumba hakutaka kuona mtoto wa mtu sebuleni kwake. Tuna vumbi, tuna mafua, tutagusa vitu.

Aliyetuingiza ni dada wa kazi.

Mama mwenye nyumba akishaondoka kwenda kazini, inapata saa nne asubuhi, dada anafungua mlango wa uani. "Futeni miguu!" Tunaingia watoto sita, saba, tunakaa chini sakafuni. Yeye haketi. Anasimama mlango wa jikoni na mwiko wake, jicho moja kwa paka, jicho moja kwa maharage. Kiingereza hajui, na sisi hatujui, lakini paka akipigwa kikaango hahitaji mkalimani. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko chetu sote.

Siku moja nikajifanya Tom. Nikaruka kutoka kwenye kiti, mkono ukaikumba chupa ya chai, ile ya maua, iliyokaa juu ya kabati ikisubiri wageni. Paa! Chini. Vipande vya kioo kila mahali. Mnadhani nilifanya nini? Nilitoka mbio, na wenzangu wote nyuma yangu. Hakuna aliyegeuka.

Kesho yake asubuhi nilimwona dada anaelekea kituo cha basi na mfuko wa rambo mkononi. Ndiyo mzigo wake wote. Kikaja kikao cha dharura chini ya mwembe, na unajua tulijadili nini? Kwamba sasa Tom na Jerry basi. Tukamlaumu mama mwenye nyumba kwa roho mbaya ya kutunyima katuni. Nani alivunja chupa, kimya. Mie mwenyewe nikapiga kelele kuliko wote.

Sasa nenda kaiangalie ile filamu ya kwanza ya mwaka 1940. Yule mama anamwambia paka, ukivunja kitu kimoja tena, nje! Panya akisikia hivyo, anaanza kuangusha vyombo makusudi. Mwisho paka anatupwa nje na panya anabaki anajidai. Miaka yote mie nilidhani nacheka nikiwa upande wa Jerry kwa sababu yeye ni mdogo na anaonewa. Kumbe kwenye nyumba ile ya Magomeni Jerry alikuwa mimi. Tom alikuwa dada wa kazi. Yeye hakuwa na filamu ya pili ya kurudi akiwa mzima.

Na linaloniuma zaidi ni hili. Nikifumba macho namwona, lakini namwona kutokea sakafuni. Naona kandambili za bluu, kidole gumba chenye plasta, upindo wa kanga. Uso hauji. Nimejaribu siku tatu, hauji. Nikitaka kusema walioichora katuni ile walikuwa wabaya, nakumbuka mie kichwani mwangu nimechora picha ileile, na hakuna aliyenilipa.

Jumanne nikampigia simu bi mkubwa. Baada ya salamu na habari za presha, nikauliza kama anamkumbuka dada wa nyumba ya pili.

"Namkumbuka," akasema, na akamtaja jina hapohapo. Silitaji hapa, sijamwomba ruhusa mwenyewe. "Si yule aliyefukuzwa kwa ile chupa uliyovunja wewe?"

Nikabaki nimeshika simu. "Mama, ulijua?"

"Mwanangu, mtoto anarudi nyumbani anahema saa tano asubuhi, anaomba alazwe. Nisijue vipi? Nilikwenda kwa jirani jioni kusema, akanijibu maneno ya ajabu, nami nikanyamaza. Hilo nalo silisahau."

Kwa hiyo sikuwa peke yangu. Mama naye alikuwa na lake moyoni.

Wasomaji wangu, sisemi tuzichome katuni za zamani. Nani ataweza? Mie Tom na Jerry nitaangalia mpaka meno yaishe, kwani ni kazi ya ufundi mkubwa na inachekesha kwelikweli. Wala sioni maana ya kumfuta yule mama. Walipombadilisha akawa Mzungu, aliyepotea ni yule mwanamke mweusi aliyekuwa na sauti, na ubaguzi ulibaki mahali pake. Mtoto akiuliza kwa nini mama hana uso, usimdanganye kwamba chaji inaisha. Mwambie walioichora hawakuona haja ya uso wake. Kuna filamu ya mwaka 1950, Saturday Evening Puss, anavaa vizuri anakwenda kucheza karata na wenzake. Tom anapiga muziki na kuharibu usiku, mama anarudi mbio, na hapo ukiwa na macho makali uso wake unaonekana kufumba na kufumbua. Mwonyeshe mtoto. Uso ulikuwepo.

Na nyie mnaopenda kusema zamani raha, zamani watu walipendana, zamani mlango wa jirani ulikuwa wazi, niulizeni mie. Ulikuwa wazi kwa sababu kuna mtu aliufungua, na alikuwa na cha kupoteza.

Juzi nilirudi Tabata. Mtoto akadai Tom na Jerry, nikawasha. Tumefika katikati nikasikia kicheko nyuma yangu. Ni dada wa kazi wa pale, kasimama mlango wa jikoni, kitambaa begani. Nikasogea kwenye kochi.

"Kaa, dada."

"Hapana anko, nina vyombo."

"Vyombo havina miguu, havitakimbia."

Dada yangu akanitupia jicho, nikajifanya sioni. Yule binti akakaa ukingoni kabisa mwa kochi, kama mtu anayesubiri basi. Baada ya dakika tano akaegemea.

Nawe msomaji, kama kuna mtu aliwahi kukufungulia mlango ukiwa mdogo, jaribu kuukumbuka uso wake. Usipokuja, mpigie simu bi mkubwa wako. Wale hawasahau kitu.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Tutarudi kwenye mapenzi, naahidi.