Vijana Yatima wa Bariadi: Ni Amana ya Nani?

Familia ya kimisionari ya Kikristo inapowafungulia vijana yatima mlango wa nyumba yake ya shambani, katika nchi ya pamba na ng'ombe ya Bariadi, habari hiyo huweza kupokelewa huku Visiwani kwa namna mbili. Wako watakaosifu bila ya kuuliza, na wako watakaotia shaka bila ya kuuliza. Sisi tunaona kwamba jambo hili linastahili kuulizwa, na la kwanza la kuuliza ni juu yetu wenyewe, wananchi na Serikali, kabla ya kumgeukia mgeni.

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Huko mali ya mtu aghalabu huhesabiwa kwa ng'ombe na ardhi. Wamisionari si watu wapya katika nchi hiyo: kituo cha Nassa, ambacho leo kimo katika Wilaya ya Busega, kilianzishwa na Waanglikana katika karne ya 19, na mwaka 1909 kikachukuliwa na misheni ya Africa Inland. Lililo la kuangaliwa zaidi ni umri wa hao wanaopokelewa.

Mtoto mchanga aliyefiwa na wazazi hakosi wa kumpakata. Kijana wa miaka 14 ana tumbo la mtu mzima, ana hoja, anawakumbuka wazazi wake, na mara nyingi ana hasira ambayo hajui aielekeze wapi. Huyo ndiye anayekosa wa kumtaka. Akiwa mvulana hukabidhiwa kundi la ng'ombe alichunge. Akiwa msichana, baadhi ya jamaa huanza kuhesabu mahari yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Lakini hukumu ya Dar es Salaam haifiki peke yake kwenye boma la Itilima au Meatu. Yatima wa kike ambaye hana wa kumsemea ndiye wa mwisho kuisikia.

Ni kweli kwamba mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Jambo hilo ni kubwa, na Chama kina haki ya kujivunia. Hata hivyo ada haikuwa kizuizi pekee. Nani atamwuliza kijana huyu jioni kwa nini hakwenda shule? Familia inayomweka mezani pake na kumwuliza swali hilo inafanya kazi ambayo hakuna waraka wa wizara unaoweza kuifanya.

Sisi wa Unguja tunayo historia ya jambo hili. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alipofika hapa, Sultani Majid alimpa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mwaka 1871 misheni ikanunua shamba la Mbweni, na watumwa waliokombolewa wakakaa hapo, wakubwa kwa watoto, wakilima, na wasichana wakisoma. Cecil Majaliwa, Myao aliyeletwa pwani akiwa mtumwa, alisomeshwa Kiungani na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Insafu inatutaka tuseme kwamba watoto wale walipata uhai na elimu. Inatutaka pia tuseme kwamba misheni ndiyo iliyokuwa ukoo wao, ndiyo iliyowaoza, na ardhi waliyolima ilikuwa ya misheni. Hawakuwa na kwingine kwa kurudi.

Hapo ndipo Bariadi inapotofautiana na Mbweni, na tofauti hiyo isisahauliwe. Yatima wa Kisukuma ana ukoo. Kwa mila yao, mahari ya ng'ombe ikiwa imelipwa, watoto ni wa upande wa baba. Isipolipwa, ni wa upande wa mama na wajomba. Basi kila kijana anayeingia katika nyumba ile ana watu wanaojulikana, na pengine ana shamba au ng'ombe walioachwa na marehemu. Wakati yeye anasoma na kula vizuri kwa mgeni, nani anazitunza mali hizo? Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba Sura ya An-Nisaa, mwanzoni mwake kabisa, inahusu mali ya yatima. Afisa ustawi wa jamii anapomwandikisha kijana, aandike pia alichoachiwa na jina la anayekishika, mwenyekiti wa kijiji akishuhudia. Kazi hiyo ni ya halmashauri, wala asitwishwe mmisionari.

Swali la dini hatulikwepi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka anayemlea mtoto nje ya jamaa zake azingatie dini, mila na lugha aliyokulia, na unaitaja kafala ya Kiislamu kuwa njia halali ya malezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa upande wa Bara, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2011, zimewapa maafisa wa ustawi mamlaka ya kukagua. Basi wakague. Kijana aliyekulia Uislamu apewe nafasi ya kwenda msikitini Ijumaa, na aliyekulia kanisani asikatazwe kanisa. Na tuwe wakweli: anayelalamika kwamba watoto wa Waislamu wanalelewa na Wakristo aulizwe kwanza yeye amempokea yatima gani mwenye miaka 15.

Kuhusu kazi za shamba, hatuoni ubaya kijana kushika jembe. Tangu mwaka 1967 tumehubiri Elimu ya Kujitegemea. Ubaya upo pale jembe linapoula muda wa kitabu.

Limebaki la miaka 18. Sheria humwona kijana kuwa mtoto hadi hapo, na siku inayofuata hakuna ofisi yenye jina lake. Mgeni naye ana kwao, na siku moja huenda akarudi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na katika hizo 4 ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa Bariadi aanze kuwapanga vijana hawa katika vikundi wakiwa na miaka 17, na wazee wa koo zao waitwe ofisini, kila mmoja aonyeshe kipande cha ardhi atakachorudishiwa kijana wake.