Mlango Usioonekana Nao Hufungwa

Si ajabu siku hizi kusikia kwamba mzazi fulani wa Nairobi au Mombasa amemnunulia mwanawe mashine ya michezo ya video, na jioni ile ile ikaunganishwa na intaneti ya nyumbani. Furaha huwa tele. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaojiuliza ni mlango gani uliofunguliwa ili furaha hiyo iingie?

Majuzi nilimzuru jamaa yangu mmoja. Mwanawe alikuwa amechoka kuteua herufi moja moja kwenye kioo cha runinga. "Baba, neno hili la siri ni refu mno," alilalama. Fundi akalibadilisha likawa tarakimu moja hadi nane, mtoto akacheza. Lakini kwa mawimbi yayo hayo baba hulipa karo, na mama, ambaye ni mwalimu, hutuma alama za wanafunzi wake.

Yafaa ieleweke kwamba herufi nane ndicho kiwango cha chini kabisa katika mfumo wa WPA2 uliotolewa mwaka wa 2004. Upeo ni herufi 63. Mwizi hana haja ya kubisha hodi mara elfu. Hunasa salamu ambazo mashine na ruta hupeana zinapokutana, akaenda nazo kwake, kisha akaiachia kompyuta yake kazi ya kubahatisha. Neno fupi hufichuka upesi, refu humshinda. Mfumo wa WPA3 wa mwaka wa 2018 uliuziba mwanya huo, ila mashine nyingi za zamani haziufahamu. Ama ule mkongwe wa WEP, udhaifu wake ulianikwa mwaka wa 2001 na haufai kutumiwa kamwe.

Mimi ni mwanaisimu, wala si fundi. Hata hivyo, neno la siri ni neno, na hapo nina la kusema. Methali haifai kuwa neno la siri, kwani nguvu ya methali ni kujulikana na wote. Heri maneno matano yasiyohusiana, yaliyoteuliwa kwa kubahatisha. Mtoto ataliandika mara moja tu. Baada ya hapo mashine hulikumbuka yenyewe. Aidha, ruta nyingi huweza kutoa mtandao wa pili wa wageni: mashine ya michezo na iwekwe humo, mbali na simu na kompyuta za wazazi. Nalo neno la kuingilia ruta yenyewe, lililotoka nayo kiwandani, libadilishwe.

Je, mzazi atayajuaje haya ikiwa maelezo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mafundi? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Habari isiyoeleweka si habari. Kampuni za intaneti na wauzaji wa mashine hizi hawana budi kutoa maelezo kwa Kiswahili sanifu, nasi wa vyuo vikuu tuwasaidie badala ya kulumbana juu ya istilahi zisizowafikia wananchi.

Mtoto na acheze. Lakini kabla hajaanza, mzazi na ahakikishe mlango umefungwa.